Ufunguo Uliovuliwa Shingoni

Wasikilizaji wapendwa, marehemu mwenyewe angetaka tuanzie hapa: siku ile mjinga alikuwa yeye. Alimpa mtu ufunguo.

Tunamkumbuka dereva wa boti ya uokoaji katika klabu ya mashua za tanga. Walimwita Filimbi, kwa kuwa haikumtoka mdomoni. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: mashua zikishindana, yeye akae karibu na injini ikinguruma. Ufunguo aliuvaa shingoni mpaka tanga la mwisho lirudi.

"Mke wangu kaolewa na mbuzi mwenye kengele," alikuwa akitania.

"Mbuzi angalau husikia akiitwa," mkewe akimjibu.

Jumapili ile boti ya uokoaji ilikuwa moja. Narudia, moja. Ya pili ilikuwa juu ya mawe, haina injini. Mwenyekiti wa klabu akaja na wapiga picha wawili.

"Kaka, dakika kumi tu. Maji yenyewe yametulia."

"Dakika kumi zako nazijua," Filimbi akacheka. "Kikao chako cha dakika kumi kilinikuta sina mvi."

Lakini mwenyekiti alitaka apigwe picha ameshika usukani. Filimbi akamstahi mkubwa wake, akauvua ufunguo. Stahi nyingine huua, wasikilizaji.

Dakika ya ishirini, upepo ukageuka. Mashua ya wauguzi wawili ikapinduka. Filimbi akapuliza filimbi, akapuliza tena. Boti ilikuwa nyuma ya rasi, inapigwa picha. Basi akarukia mtumbwi wa makasia.

Muuguzi mmoja anasema: "Alitufikia anahema. Akatuambia, 'Samahanini wateja, leo nimechelewa.' Akajitosa, akatusukuma mtumbwini mmoja mmoja."

Kisha kamba ya tanga ikamnasa mguu. Boti ya uokoaji ilipofika, ilifika kubeba maiti.

Wauguzi wako hai. Wote wawili.

Ripoti ya klabu ikasema dereva "alikiacha chombo chake". Ufunguo haukutajwa. Mwenyekiti hakutajwa. Mjane hakuomba kingine: sentensi ile ifutwe, ukweli uandikwe.

Kwa mjane, wanawe na ndugu zake wote, poleni sana. Tunalia nanyi. Nawe unayeandaa mashindano, kabla hujapuliza kipenga, tazama majini: wa kuokoa yuko wapi, na ufunguo anao nani?

Tunawaachia yaliyosemwa kwenye kikao cha klabu. Mwenyekiti alisogeza fomu mezani, kwa upole.

"Shemeji, tusigombane. Kila aliyeingia majini alisaini kwamba anashindana kwa hatari yake mwenyewe. Na marehemu alisaini. Hii hapa sahihi yake."

Mjane akaisoma fomu yote, taratibu, hadi chini. Akairudisha kwa mwenyekiti.

"Sahihi ni yake, shemeji. Sasa niambie, mume wangu alikuwa anashindana na nani?"