Mwalimu Wilhelmina na Wazazi Wasiokuja Zamu

Ndugu waombolezaji, kaeni vizuri kwenye hivyo viti vya watoto, hata kama magoti yanagusa kidevu, na acheni kunong'onezana kwamba bibi huyu aliyeishia darasa la nne atasoma nini, maana haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa, na mtu anayeogopa kwamba leo atasemwa msibani ajiulize mwenyewe kwa nini amedhani ni yeye.

Mimi ni Selestina, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa sababu wengine wote waliogopa kuwaudhi.

Marehemu Wilhelmina Masalu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Busisi, Sengerema, mtoto wa nne wa mzee Masalu, mkulima wa pamba na mvuvi, ambaye aliona mimi nimesoma vya kutosha nikijua kuandika jina, lakini huyu mdogo wangu akamshinda kwa maswali mpaka akampeleka shule ya misheni mwaka 1949, baadaye shule ya kati, kisha chuo cha ualimu, akamaliza mwaka 1961.

Alifundisha miaka thelathini, ile ya mwisho yote hapa Mwanza, katika shule moja ya Nyakato, na aliacha kazi mwezi Juni 1991, si kwa uzee kama baadhi yenu mlivyotangaza, bali siku alipoagizwa kuwachapa watoto waliochelewa kwa sababu walikuwa kwenye foleni ya maji bombani, akasema hachapi mtu kwa kosa la bomba, akaiweka fimbo mezani kwa mwalimu mkuu, akaenda nyumbani kupika.

Alifunga ndoa na Venant Chenge, fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba, tarehe 8 Agosti 1964, wakajaliwa watoto wawili, Nathaniel na Winnie, na Venant alitangulia mwaka 1983, mtu mpole, hakuwahi kumuuliza mke wake kwa nini nyumba imejaa watoto wa watu.

Mwezi Januari 1993, enzi zile za ruksa kila mtu akifungua duka, yeye alifungua shule hapa Ilemela, ndani ya chumba hiki cha nyumba yake mlimokaa, watoto wa chekechea hadi darasa la tatu, bila fimbo, bila kukariri kwa kuimba, mtoto anapima mahindi, anapanda mchicha, anauliza anachotaka na anajibiwa, na sharti lilikuwa moja tu, kwamba kila nyumba ilete mzazi asubuhi moja kwa wiki, akae na watoto, awafundishe kazi anayoijua na yeye aone mwanawe anavyosoma, na sharti hilo mlilikubali nyote kwa makofi.

Mwanzoni mlikuja, siwezi kuwanyima haki hiyo. Odoyo, fundi wa nyavu, aliketi hapo dirishani na wavu wake, watoto wakajifunza kushona, halafu binti yake Janet akamsomea habari ya sungura kutoka mwanzo hadi mwisho, Odoyo akatoka nje kuvuta sigara akiwa ameupa ukuta uso, akarudi, akaomba asomewe tena, na hakuna mtoto aliyemcheka.

Lakini hamu yenu ilikuwa ya wiki chache. Viwanda vya minofu ya samaki vilipofunguliwa kila mtu akawa na shifti, hata wasiofanya kazi kiwandani nao wakawa na shifti, mkaanza kutuma wadogo zenu, kisha majirani, na kuna mama mmoja, yumo humu na amejifunika khanga mpya, alimvisha msichana wake wa kazi kitenge chake na kumwagiza aseme yeye ndiye mama, naye mtoto akasimama mbele ya darasa akasema, "Huyu siyo mama, huyu ni dada, mama yuko saluni." Wilhelmina hakucheka, alimkaribisha yule msichana, akamuuliza anajua kazi gani, na siku ile watoto walijifunza kukanda unga wa maandazi.

Na mlikuwa mnakuja kwake jioni, mnamvuta pembeni, shikamoo mwalimu, mbona mtoto harudi hata na alama ya fimbo, kweli mnafundisha? Kila nyumba ilikuwa na mwalimu wake, yaani nyinyi wazazi, lakini hamkutaka kufundisha, mlitaka kuchapiwa watoto.

Januari 1996 ikafunguliwa ile shule ya Kiingereza yenye basi na tai, mkawahamisha watoto usiku kama mnahama na deni la duka, bila hata kuaga, na leo wanajua kusema gudimoningi kwa kila mtu hata saa kumi na mbili jioni.

Marehemu alianza kuugua shinikizo la damu Oktoba 1997, katika mvua zile za Elinino, Februari mwaka huu akapooza upande wa kulia, akafariki Jumanne tarehe 21 Aprili 1998, saa kumi alfajiri, mimi na Winnie tukiwa tumemshika. Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka yalikuwa haya: "Dada, Jumatatu asipokuja mzazi, warudishie watoto wao."

Sasa jana mwenyekiti wenu wa wazazi, Ngosha, alisimama chini ya turubai, akasema kwa kumuenzi mwalimu tuigeuze shule hii kuwa akademi yenye jina lake, tuweke geti, tulete nidhamu, yaani fimbo, na mkapiga makofi yaleyale ya mwaka 1993. Familia inajibu hapana. Winnie atafundisha, watoto waliobaki wapo, kinachokosekana ni nyinyi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani kwa kuni na maji, walimu wenzake wa Nyakato, na mabosi wa viwanda waliowapa nyote ruhusa ya siku mbili kuja kuzika, ruhusa ambayo kwa miaka mitano mlituambia haipatikani hata asubuhi moja.

Pumzika, mdogo wangu, kelele tutapiga sisi.

Mazishi ni saa tisa. Jeneza liko sebuleni na watoto wamelizunguka, naenda kukaa nao. Nyinyi bakini humu mkubaliane nani anakuja Jumatatu, na sitaki kamati, nataka mtu. Naikunja karatasi, natoka, na mlango huu naufunga mwenyewe.