Mama Jitambulishe Anaviaga Vihisi Vyake Mia Nne

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, fundi mkuu wa vipimo wa kiwanda chetu cha karatasi anastaafu. Sote tunamwita Mama Jitambulishe, na chanzo cha jina hilo ni mimi, mlinda boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji ya mvuke.

Alianza kwa kusoma geji kwa macho, kalamu sikioni. Vilipokuja vihisi, vidude vinavyopima joto na kutuma vipimo kwa redio hadi chumba cha mitambo, alivipokea kama wajukuu. Tatizo, vilikuwa na betri ya kitoto na kumbukumbu kiduchu. Vilipowekewa ulinzi mzito kama wa kompyuta za ofisini, wa kuhakikisha nani anatuma, betri zikakata roho ndani ya wiki tatu. Wakubwa wakauondoa. Mama alipinga weee, hakusikilizwa.

Basi miaka saba iliyopita, asubuhi kweupe, mwenzetu aliwasha karakanani kihisi cha akiba chenye namba ileile ya kile cha boila. Mitambo ikapokea joto la karakana, ikaamini boila imepoa, ikaongeza moto! Niliona geji ya zamani ya kusoma kwa macho inapanda, nikazima kila kitu. Kiwanda kikalala siku mbili na lawama zote zikaniangukia. Nikapewa siku kumi za kujieleza kabla ya kufukuzwa. Niliogopa, sifichi.

Mama akajifunga kibwebwe. Siku ya tisa alithibitisha kwamba sikuwa na kosa, na mkononi alikuwa na dawa. Kila kihisi kati ya vyote mia nne kikapewa siri yake fupi. Mtambo, ambao nao unaijua siri hiyo, hukitupia namba mpya kila mara. Chenyewe huichanganya na siri kwa hesabu nyepesi, kisha hurudisha jibu. Siri haisafiri hewani hata siku moja. Jibu likikosewa, hakisikilizwi. Na betri? Miaka miwili na ushee! Jamani, tulishangilia mpaka mashine hazikusikika. Tangu hapo hata mkurugenzi akimpigia simu, huambiwa kwanza ajitambulishe.

Wiki iliyopita alijaribu kuuhadaa mfumo wake mwenyewe kwa kihisi bandia, mara arobaini. Ukamkatalia zote. Alicheka hadi akakaa sakafuni.

Mama, asante sana. Nenda ukapumzike, ulale mchana bila kuona haya, uishi miaka mingi yenye afya na furaha. Haya nimeyaandika nikiwa zamuni, kando ya boila, kwenye kazi yangu uliyoniokolea.