Mpagazi Aliyeachwa Nje ya Picha

Leo benchi la Salumu muuza kahawa, hapa Kisarawe, halikaliki kwa hasira. Miezi minne nimewasomea hawa watu kitabu cha Mzungu anayetafuta mgodi uliopotea, kila siku baada ya alasiri, kurasa mbili tatu, mpaka koo linakauka. Zimebaki sura mbili, likaja gari la sinema na picha ya kitabu kilekile. Matano, tunayemwita Kamusi kwa kujifanya anajua kila kitu, akasema ya nini kujichosha, mwisho tutauona kwenye kitambaa. Tukampa dereva kitabu chetu ili atukalishe mbele. Alfajiri kaondoka nacho kwenda Morogoro. Na picha yenyewe? Marijani, yule mpagazi aliyembeba bwana wake mgongoni kuvuka mto, hayumo! Hayumo kabisa!

KAMUSI: Picha ni fupi, bwana. Watu wote hawawezi kuenea.

MIMI: Mbona mbwa kaenea? Kitabuni hamna mbwa!

Husseini Moshi, ambaye kiko hakimtoki mdomoni, akajitia kati.

MOSHI: Marijani alikuwemo. Ila picha imeonyeshwa usiku, na yeye mweusi. Hakuonekana tu.

SALUMU: Na mzigo kichwani mwake?

MOSHI: Ulifunikwa turubai jeusi.

SALUMU: Lo! Huyu nimnyime kahawa.

KAMUSI: Acheni upuuzi. Serikali ndiyo imemkata. Mkiona mpagazi anamwokoa Mzungu, kesho nani atakubali kulima barabara?

MOSHI: Au kamtoroka mpiga picha. Saa hizi yuko Mkuza, analima mihogo.

MIMI: Mtu wa kitabuni anatorokaje, Moshi? Wallahi mtanitia wazimu!

Hapo Mzee Mwinjuma akaweka kikombe chake chini. Vita vya Mjerumani alibeba mizigo mpaka Rufiji, yeye na mdogo wake Shomari. Alirudi peke yake. Kila siku nilipofungua kitabu yeye ndiye aliyetangulia kufika, na alikuwa anauliza habari za Marijani tu.

MZEE MWINJUMA: Wale Wazungu wamevuka mto, nguo kavu. Masanduku nayo yako ng'ambo. Yamevukaje?

Salumu akaendelea kumimina kahawa.

MZEE MWINJUMA: Nauliza. Masanduku nimeyabeba mimi. Hayatembei.

KAMUSI: Mzee, ile ni picha tu.

MZEE MWINJUMA: Nilitaka kumwona akifika kwao. Hilo tu.

Ndipo akatokea mkewe, Bi Mwanakheri, na kapu lake la sokoni. Sinema hakwenda, lakini kila jioni mumewe alikuwa akimhadithia niliyoyasoma.

MIMI: Shikamoo, bibi.

BI MWANAKHERI: Marahaba. Hebu niambieni, maana huyu tangu jana hasemi na mtu. Marijani alifika kwao?

Kamusi akainamia kikombe. Moshi akaanza kuchokonoa kiko. Na mimi sura zile mbili sikuwahi hata kuzichungulia, kwa kuwa tulikubaliana tusikie wote pamoja.

MZEE MWINJUMA: Alifika.

BI MWANAKHERI: Wewe nyamaza, nakujua. Namuuliza aliyesoma. Twalibu, alifika?

Mzee akanitazama. Mimi, niliyeshinda mchana kutwa nikiwalaani watu wa sinema kwa kuchezea kitabu cha watu, nikakohoa kidogo.

MIMI: Alifika, bibi. Yeye na mdogo wake.