Goti la Duadi na Kuskusi ya Harusi

Mwisho wa Agosti, saa kumi alasiri, mji wa Setif ulikuwa na joto la digrii thelathini na nane. Benchi la pembeni ya mkahawa lilikuwa na watu watatu wa kila siku, chini ya turubai la kijani. Duadi, mwenye goti linalotabiri mvua. Mwalimu, aliyefundisha jiografia miaka thelathini. Na Sahara, aliyeendesha lori la tende mpaka ncha ya kusini. Duadi hakukaa vizuri. Juu ya paa la nyumba yake, mtaa uleule, kuskusi ya harusi ya binti yake, punje ndogo za unga wa ngano, ilikuwa imeanikwa kwenye shuka tano. Mkewe Zulikha na dada zake walikuwa wameiviringa kwa mikono siku tatu. Zulikha alipotoka kwenda kwa fundi wa nguo, alisema neno moja: ukiona wingu, anua.

— Redio imesema ngurumo na mvua kubwa nyanda za juu, alisema Mwalimu.

— Nyanda za juu zipi? Duadi akauliza. Nchi hii huimalizi kwa siku mbili. Labda wanasema Tiareti.

— Setif haiko bondeni, bwana.

Duadi alitaka kuinuka. Lakini siku ya Jumanne aliona wingu, akakimbia kuanua shuka zote, na tone halikuanguka. Benchi zima lilimwita Bibi Kuskusi kwa siku nne.

— Msihangaike, alisema Sahara. Kusini leo ni digrii arobaini na saba. Joto lile linasukuma mawingu yote baharini. Mimi wingu lilishanifuata toka In Salah. Kufika Gardaya, likachoka.

— Wingu linachoka? Mwalimu akauliza.

— Umbali ule? Mimi mwenyewe nilichoka, na nilikuwa na injini!

— Goti langu limetulia, Duadi akasema. Tangu asubuhi kimya.

— Goti lipi?

— La kushoto.

— Basi si la huku, Mwalimu akasema. Umekaa ukitazama kaskazini. La kushoto ni la magharibi, linatabiri Orani. Hapa kwetu tungehitaji la kulia.

— La kulia lilifanyiwa upasuaji.

— Ndiyo maana huna habari za mashariki!

Walicheka. Sahara akadai kwamba mvua ya Setif hutengenezwa na matikiti: yakivunwa mengi, maji yanarudi juu. Mwalimu akamwambia anyamaze, kisha akaomba afafanuliwe.

Kijana mmoja mwenye begi, kilemba cha watu wa kusini kichwani, akasimama ukingoni mwa turubai.

— Salaam aleikum, wazee wangu. Ninyi hapa, mkitaka kujua kama mvua inakuja, mnatazama wapi?

Wote watatu waliinua macho. Waliona turubai.

Duadi alipiga hatua mbili mpaka barabarani. Nyuma ya mlima Megris mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Tone la ukubwa wa dengu likamtua kwenye upara.

Alikimbia. Benchi likamfuata, na kijana na begi lake. Kule juu walishika shuka pembe nne, Mwalimu akiamuru, Sahara akimwamuru Mwalimu. Shuka nne ziliingia ndani zikiwa kavu. Ya tano walikuwa mlangoni nayo mvua ilipomwagika kama ndoo.

Zulikha aliwakuta ngazini, wamelowa, wameshikilia shuka inayochuruzika. Alichungulia zile nne kwanza. Akashusha pumzi.

— Goti lilisema nini?

Duadi alitazama ukuta.

— Ya harusi imepona, akasema Zulikha. Hii iliyolowa haikai mpaka kesho. Naipika sasa hivi, kilo nane. Hatoki mtu humu mpaka iishe. Wewe mgeni, karibu, utakula na sisi.

Sahara akakohoa kidogo.

— Na mchuzi, shemeji?

— Liulize goti.