Mechi ya Mwisho Uwanja wa Zamani

Kijiwe cha Barke muuza kahawa, hapa Kismayo, ni ubao mrefu juu ya matofali. Kila baada ya alasiri hukaa hapo watatu wale wale: Athmani, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, Nassor Kamusi, mwenye maana ya kila kitu, na Fakihi, aliyekuwa akidaka kabla ya vita na hadi leo huitwa Golikipa. Tangu ufunguliwe uwanja mpya, wenye nyasi za plastiki na mataa, wao hawaongei ila habari za ule wa zamani.

— Ule waliuchonga Wataliano, alianza Redio. Walitaka pa kutua ndege.

— Ndege gani! alidakia Kamusi. Pale palianikwa chumvi. Ndiyo maana hapakuota jani.

— Jani halikuota kwa sababu chini kuna mzinga wa vita wa Wareno! aling'aka Redio. Mbona mpira ukifika kati ulikuwa wapinda?

— Ulipinda kwa kuwa mpigaji ni wewe, alisema Fakihi. Barke akacheka hadi akamwaga kahawa.

Hapo akasimama mwanamke mgeni, begi begani.

— Asalaam alekum, wazee wangu. Mimi Hafswa, binti Omar wa kisiwani Chovae.

Fakihi aliweka kikombe chini.

— Omar winga wa kushoto? Mchu yule, mtu wa watu, yu hai?

— Yu hai, yuko Mombasa. Kaniagiza niwaulize neno moja: mechi ya mwisho uwanja wa zamani, mlicheza na nani?

Redio akamgeukia Kamusi. Kamusi akamgeukia Golikipa. Fakihi aliitafuta timu ile kichwani: Bandari? Polisi? Alichokiona ni glavu zake tu, akizitundika kwenye msumari na kumwambia Omar, “Ijumaa, inshallah.” Kabla ya Ijumaa vita viliingia mjini. Nani angejua kuwa ile ndiyo ya mwisho, aishike kichwani?

— Yeye mwenyewe hakumbuki? aliuliza Fakihi.

— Hakumbuki, ami. Yamsumbua. Asema uzee wamla akili.

— Mpigie.

Hafswa akapiga, akampa Fakihi simu. Iliita mara tatu. Sauti ya mzee ikasema, “Hafswa? Wamekwambiaje?”

— Si Hafswa, alisema Fakihi. Ni golikipa wako. Omar, akili yako nzima. Hata mimi sijui.

Kule upande wa pili kikapasuka kicheko.