Mzee Eliakimu Matonya, Aliyeziba Kila Ufa

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Nzuguni na wenyeji wetu wa Handali, poleni na msiba. Kabla udongo haujamfunika mzee wetu mtasikia alizaliwa wapi, alisoma nini, alifanya kazi gani na alikufaje. Hilo la mwisho kwa kawaida husomwa kwa sentensi moja. Leo litachukua nafasi, kwa sababu tangu Jumanne maneno yamekuwa mengi chini ya turubai, na baadhi yameelekezwa kwa mjane: eti mbona walikuwa wawili ndani ya gari na akatoka mmoja? Bibi Dorothea ameyasikia yote akiwa amekaa mkekani. Ameomba tu kwamba habari yote isomwe hadharani, mbele ya jeneza.

Marehemu Eliakimu Matonya alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa Handali, mtoto wa pili wa Mzee Petro Matonya na Bibi Raheli. Alikulia kwenye tembe, zile nyumba za udongo zenye paa tambarare, ambamo watu, ndama na kuku walilala chini ya dari moja. Kila mwaka mavuno yakishaingia, kabla upepo wa Julai haujaanza kubeba vumbi, Bibi Raheli alichanganya udongo na samadi akakandika kuta, na Eliakimu ndiye aliyetumwa kutafuta nyufa. Alipitisha kidole ukutani polepole kama daktari anayetafuta mshipa. "Ukiacha ufa mmoja," mama yake alimwambia, "utalala na wageni usiowaalika." Alimaanisha nyoka, siafu na vumbi. Somo hilo lilimwingia kuliko yote aliyofundishwa darasani.

Darasani alianza mwaka 1966 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Inasimuliwa kwamba siku moja mwalimu wake aliikuta baiskeli yake imefumuliwa yote, vipande vimepangwa chini kwa ukubwa, na Eliakimu yuko katikati anapaka mafuta. Alichapwa viboko, akaamriwa airudishe kama ilivyokuwa. Akairudisha. Mwalimu akaipanda, akazunguka uwanja mzima, akarudi kumwuliza ile kelele ya mnyororo imekwenda wapi. Baadaye alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na huko ndiko alikojifunza udereva.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa dereva wa kikosi cha kuchimba visima, na hakubadilisha kazi hadi alipostaafu mwaka 2017. Alibeba mabomba na mitambo kwenda Bahi, Chemba, Mpwapwa, kila mahali ambapo watu walisubiri maji. Alilala chini ya lori, au juu ya mabomba ikiwa kuna nyoka. Kuna jambo moja la kazi ile alilopenda kuwasimulia wajukuu, nao walikuwa wakisogeleana kila akilisimulia. Kabla mtu hajashuka kwenye kisima cha zamani, waliteremsha kwanza mshumaa unaowaka kwa kamba. Mshumaa ukizimika, hakuna anayeshuka. "Kule chini kuna hewa isiyotaka mtu," alisema. "Huioni, hainuki, na haikupi nafasi ya kuita." Aliijua hewa hiyo, ila aliijua kama kitu cha chini ya ardhi. Hakuwahi kuwaza kwamba hewa hiyo ina ndugu mwingine, ambaye hata mshumaa haumwoni, anayeweza kupanda kitandani.

Tarehe 27 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Dorothea, binti wa Farkwa, aliyemfahamu pale lori la kikosi lilipoharibika jirani na kwao na dereva akawa hana la kufanya ila kuomba uji. Yeye Mgogo, bibi Msandawe. Bibi Raheli aliuliza, "Sasa watoto wenu watasema lugha gani?" Marehemu akajibu, "Watasema Kiswahili, mama, ili wote muwasikie." Walijaliwa watoto wawili, Hilda na Daudi, na bibi aliwalea karibu peke yake, mume akiwa porini. Kwa ajili hiyo marehemu alimwekea ahadi.

"Nikistaafu, Mama Hilda, nitakulaza kila mahali nilipolala mimi."

"Chini ya lori?"

"Juu ya godoro."

Basi mwaka 2018 akaenda mnadani akarudi na gari ambalo watu wa Nzuguni, alikokuwa amejenga, walitoka nje kulitazama. Lilikuwa lori dogo la Isuzu lenye bodi ya bati kama kontena, na ndani yake mtu alikuwa amejenga nyumba. Meza iligeuka kitanda cha mgeni. Ngazi ilikuwa kabati la viatu. Kulikuwa na sinki, jiko la gesi, tangi la maji darini, na kwa nyuma kitanda cha watu wawili chenye sanduku kubwa chini yake. Lilikuwa pia limechoka kweli kweli: paa linavuja, springi zimelala, nyaya zimeliwa na panya. Marehemu alilitazama, akavua shati.

Ilimchukua miaka. Alifumua paa mshono kwa mshono akaziba kwa silikoni. Alivika matairi magunia ili jua lisiyapasue, kwa sababu, alisema, gari la namna hii haliuawi na safari, linauawa na kusimama. Kila mwezi aliliwasha, akalisogeza mbele na nyuma uani ili tairi zisikae kwa upande mmoja. Alionja hata maji ya tangi mwenyewe kabla bibi hajayagusa. Fundi hakumwita mpaka pafike kuchomelea; hapo alilipeleka Kizota kwa Suleiman, kijana wa Kondoa aliyekuwa akimwita "baba mwenye nyumba". Majirani walilipa gari jina la Tembe la Matairi, naye alilipenda.

Vumbi ndilo lililomshinda. Mwaka jana, upepo wa kiangazi ulipokuja, walirudi kutoka kuzunguka Chamwino wakakuta mashuka yamekuwa mekundu. Akalala kifudifudi sakafuni na tochi, akapitisha kidole, akayakuta matundu madogo karibu na jiko na mengine pembeni mwa kitanda. Alimwonyesha Suleiman.

"Mzee, haya hayakutobolewa na kutu," Suleiman alisema. "Angalia, yamepigwa drili, yana wavu. Kuna mtu aliyaweka."

"Ya nini?"

"Mimi sijui. Ila mtu hatoboi gari jipya bure."

"Basi huyo alikuwa anaishi kwenye nchi isiyo na vumbi."

Walicheka wote wawili. Jioni ile ile marehemu aliyaziba yote, akatandika kapeti la plastiki juu. Baada ya hapo alinunua jenereta dogo kwa ajili ya feni, akaliweka kwenye lile sanduku chini ya kitanda ili wezi wasilione, akalipitishia bomba la moshi hadi nje ubavuni. Kazi ilikuwa safi. Suleiman mwenyewe aliisifu.

Ugonjwa ulianza Mei mwaka huu, safari ya kwanza ya ile ahadi. Walilala Bahi, wakaamka vichwa vinawagonga, bibi akatapika. Wakalaumu samaki. Safari ya pili walikuwa wanakwenda Farkwa, na kwa kuwa mkwe haendi ukweni mikono mitupu, walibeba jogoo, wakamweka kwenye tenga pembeni mwa kitanda. Walipumzika njiani wakati wa jua kali, jenereta likiendesha feni. Walipoamka, kwa shida, jogoo alikuwa amekufa. Hakuwa na jeraha wala hakutoa povu. Alikuwa amelaza shingo tu kama aliyesinzia.

Habari ya jogoo ilifika Handali kabla ya gari kurudi. Mzee Elieza, mdogo wa marehemu, alikuja Nzuguni siku hiyo hiyo.

"Kaka, kuku amekufa garini bila kuugua. Halafu anapelekwa wapi? Ukweni. Hilo gari lina mwenyewe."

"Lina mwenyewe, ndiyo. Mimi. Kadi ninayo kabatini."

"Wewe cheka tu. Ulilinunua mnadani, hujui lilitoka kwa nani."

Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, na maneno ya namna hiyo yalimpandisha hasira kuliko kitu chochote. Alikwenda kupimwa: malaria haikuonekana, presha ilikuwa ya umri wake. Alipokaa nyumbani wiki chache akapona kabisa, na bibi pia. Hapo ndipo Bibi Dorothea, akichambua mchicha, aliuliza swali ambalo leo kila mmoja wetu analirudia moyoni.

"Baba Hilda, mbona tunaugulia garini tu? Tukirudi ndani ya nyumba tunapona."

Lilikuwa swali la kweli, na jibu lake lilikuwa chini ya kitanda. Lakini Mzee Elieza alikuwepo, akadakia, "Si nilisema mimi?" Marehemu akasimama. "Nyumbani kwangu hatuzungumzi uchawi," alisema, na swali la bibi likafungwa pamoja na la Elieza kwenye mfuko mmoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila onyo lilimfikia limevaa nguo za uchawi, naye kwa mgeni aliyevaa hivyo hakufungua mlango.

Hata hivyo hakukaa kimya. Aliamini kinachowaumiza ni vumbi linaloingia vichwani mwao, basi akafanya alichokijua tangu utotoni. Alibadilisha mpira wa mlango. Alipaka silikoni kwenye madirisha. Alipitisha kidole kila kona, na alipomaliza akafunga mlango akakaa ndani peke yake, kisha akamwita bibi kwa furaha. "Njoo usikie. Upepo unavuma huko nje, humu hata pazia halitingishiki."

Jumanne tarehe 12 Agosti 2025 walifika kijiji kimoja cha Chemba, upande wa Kwa Mtoro, ambako kikosi chake kilichimba kisima miaka mingi iliyopita. Upepo ulikuwa mkali, vumbi limefunika jua. Marehemu alikuwa amechoka kwa barabara. Ilikuwa imekwaruzwa na malori mpaka gari zima linatetemeka. Aliegesha, akawasha jenereta, akafunga madirisha, akajilaza. Bibi naye alikuwa amekwisha kuvua viatu. Ndipo marehemu akasema, "Mama Hilda, pampu ile pale. Kaonje maji yangu, uniambie kama bado yana chumvi."

Alitumwa. Lieleweke hilo. Alivaa viatu tena, akachukua ndoo, akaenda kwa sababu mume wake alimtuma.

Kisimani alikuta wanawake, na mmoja wao, mama wa makamo, alimkumbuka dereva aliyempa lifti mama yake mgonjwa. Wakaongea. Mama yule aliongea Kisandawe, na bibi, ambaye mjini hana wa kuongea naye lugha ya kwao, akakaa kidogo zaidi. Aliporudi, ndoo kichwani, jenereta lilikuwa bado linanguruma. Aligonga. Mlango ulikuwa umeshika sana kwa ule mpira mpya, ikabidi vijana wawili wauvute. Marehemu alikuwa amelala ubavu, uso umetulia, mashavu mekundu kama ya mtu mzima wa afya. Bibi anasema alifikiri anamtania.

Daktari aliyeuchunguza mwili alieleza kwamba moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu kabla hajajua anaumwa. Alhamisi Suleiman alikuja Nzuguni, akafumua kitanda mbele ya Daudi na Mzee Elieza. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka kwenye kiungo kwa sababu ya mtikisiko wa barabara, mpasuko wa kidole kimoja, chini kabisa ya mto alikokuwa analaza kichwa. Moshi ulipanda, na haukuwa na pa kutokea. Suleiman alikata kapeti akatazama yale matundu yaliyozibwa vizuri, bila hata tone moja kumwagika pembeni. Alikwenda kunawa mikono, akakaa pale bombani muda mrefu maji yakimwagika.

Jana mchana, hapa Handali, Mzee Elieza aliondoka kwenye viti vya wanaume, akapita katikati ya akina mama, akakaa chini mkekani karibu na shemeji yake. Alikaa pale hadi jioni. Kila aliyekuja kumpa mkono mjane alilazimika kumpa na yeye.

Kuhusu gari: halitachomwa wala kuuzwa. Bibi amesema hivyo, na hakuna aliyebishana naye. Matundu yamefunguliwa, jenereta limetolewa, na kwenye vijiji vilivyobaki vya ile ahadi Daudi atampeleka. Vumbi litaingia.

Marehemu ameacha watoto wawili, Hilda na Daudi, wajukuu watano, na mdogo wake, Mzee Elieza. Ameacha mjane, Dorothea, aliyeishi naye karibu miaka arobaini na moja, aliyetumwa maji akayaleta. Bado yana chumvi kidogo.

Mungu amlaze mzee wetu mahali penye amani na hewa safi. Amina.