Baraka Iliyokatwa na Kituo cha Basili

Wolfgang, izime hiyo televisheni. Sikusema upunguze sauti, nimesema izime, maana leo nyumba hii ina msemaji mmoja, na msemaji mwenyewe pumzi zake si nyingi. Marieta, niinue kidogo, nisogezee ule mto mgongoni. Hilda, acha kulia, mwanangu, utalia baadaye ukiwa na nafasi. Kaeni mahali ninapowaona wote watatu mnisikilize, kwa kuwa jioni hii, kabla ya taarifa ya habari, Joakimu Hhando atafika hapa na kamera, na ninyi mnajua kwamba atafika, na mmoja wenu ndiye aliyemwambia karibu.

Wolfgang, usiinamishe kichwa. Sikukuita nikuaibishe mbele ya dada zako. Nimewaita niwape mali yangu na neno langu, na neno ndilo litakalotangulia, kwa sababu mali haitembei, lakini neno langu linaviziwa na watu wenye gari.

Mimi ni Nicodemo Tluway Bura, mzaliwa wa kijiji cha Daudi, hapa Mbulu. Wazungu wa shule ya kati walinifundisha kuandika jina la mtu kama mwenyewe anavyoliitikia, na tangu hapo sijamfupishia mtu jina lake. Doto, yule mtangazaji wa kituo cha televisheni cha Basili, huniita Mzee Niko. Miaka yote hii namwambia, na miaka yote anacheka, “Shikamoo, Mzee Niko!” Siku mkinizika, jina langu lisomwe lote.

Sasa sikilizeni habari ya kituo cha Basili, kwa kuwa mliisikia vipande vipande, na mwingine kati yenu amekisikia kipande kimoja tu.

Basili alikuja kwangu wakati ule biashara zilipoachiwa huru na kila mwenye duka mjini Mbulu akawa anatafuta kitu ambacho jirani yake hana. Alinunua dishi, akavuta nyaya juu ya nguzo za mikaratusi kutoka nyumba hadi nyumba, akaniomba sehemu ya kusimika mlingoti pale juu kwenye kilima changu. Nilimpa bure. Nilipenda kuona dunia, sitawaficha. Baadaye akapata kamera, akageuza chumba kilichokuwa nyuma ya mashine yake ya kusaga kuwa studio, akatundika pazia lenye picha ya mlima Hanang, na jioni Doto akawa anatusomea habari za wilaya, moja kwa moja, akiwa amevaa koti la Basili lililomzidi mabega.

Tulicheka, wanangu. Marieta, unaikumbuka ile jioni pazia lilipoanguka? Doto alikuwa anatueleza kwa sauti nzito kwamba shughuli zote za kituo zinaendeshwa kwa mitambo ya kisasa, na mlima Hanang ukaporomoka nyuma yake, tukawaona akina mama kwenye foleni na madebe ya mahindi vichwani. Mmoja akachungulia kwenye kamera, akauliza, “Doto, baba, mashine imepona au turudi kesho?” Doto akajibu bila kugeuka, “Turudi kwenye taarifa ya habari.” Yule mama akaenda zake nyumbani na mahindi yake, akidhani ameambiwa arudi. Kwenye hoteli ya Bashiri watu walimwaga chai. Bashiri mwenyewe alishikilia kaunta, akasema, “Kituo hiki kisifungwe, wallahi, dawa ya kifua hii.”

Ningekufa nikicheka hivyo kama Basili hangeonja siasa.

Mwaka 2000 Joakimu Hhando, mwana wa Hhando yule wa Bashay, aliyeshika fedha za mradi wa bomba la maji la bondeni, aligombea udiwani. Mpinzani wake alikuwa Mwalimu Rogathe, aliyekufundisha wewe Hilda kusoma. Joakimu alimlipia Basili jenereta, na tangu siku hiyo kamera ikapata ugonjwa wa macho. Mkutano wa Joakimu ulionyeshwa jioni nzima, mpaka kikohozi chake. Mkutano wa Mwalimu Rogathe ulionyeshwa miguu. Miguu tu! Miguu ya watu, viatu, vumbi, halafu mlevi mmoja akicheza peke yake kando ya kiwanja, na Doto akasema, “Hao ndio wafuasi.” Mimi nilikuwa pale. Watu walijaa hadi kwenye uzio wa kanisa.

Kisha Joakimu akafanya mkutano wake mteremkoni, na Doto akawa anatangaza moja kwa moja, “Maelfu kwa maelfu, ndugu watazamaji, hapa pa kutia mguu hapapo!” Kamera ilikuwa imeelekezwa kwenye watoto wa shule waliopangwa mbele. Lakini ule mteremko wetu hauna chama. Stendi ya kamera ikateleza, ikaanza kushuka yenyewe taratibu, ikageuka, na wilaya nzima tukaona nyuma ya wale watoto: majani, ng'ombe wanakula, na mchungaji wao amelala kofia usoni. Doto hakuwa na habari. Akaendelea, “Tazameni wenyewe umati huu unavyosikiliza kwa utulivu.” Ng'ombe mmoja akainua kichwa.

Basi wakaona aibu ile haiwezi kufutwa ila kwa mzee. Ndipo Basili akaja kwangu, shikamoo nyingi, akasema, “Baba, tunaomba uje studio utubariki. Baraka ya wilaya nzima, si ya mtu.” Ninyi mnaijua slufay, baraka yetu ya wazee. Mzee anasema mstari, watu wanaitikia, anasema tena, wanaitikia tena, na hakuna aliyelelewa na mama wa Kiiraqw atakayemkatisha mzee katikati, awe mchungaji wa ng'ombe au mchungaji wa kanisa. Mdomo unaitikia kabla akili haijauliza. Nilikubali. Kubariki ni kazi yangu, sikuwa na sababu ya kumnyima mtu.

Nikafika, nikamkuta Joakimu Hhando amekaa kiti cha pembeni yangu, na suti. Hawakuwa wameniambia. Juu ya kichwa changu wamebandika maandishi kwamba wazee wa Mbulu wamechagua. Doto akafungua, “Mzee Niko amekuja kumbariki kiongozi wetu.” Na taa ya kamera ilikuwa imeshawaka.

Nikainuka, kwa sababu baraka haisemwi mtu ameketi. Wote wakainuka. Nikaanza kama baba yangu alivyoanza. Nchi yetu iwe na majani. Wakaitikia. Mvua ije, isije na radi. Wakaitikia. Ng'ombe wazae, wanawake wazae, watoto wakue. Wakaitikia, na Joakimu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, amefumba macho kama mtu wa sala.

Nikasema, bomba la maji la kule bondeni, lililofunguliwa mbele ya kamera hii na halijatoa tone, litoe maji. Wakaitikia. Joakimu naye akaitikia! Nikasema, mkono uliokula fedha za bomba hilo uwashwe mpaka uzirudishe. Akaitikia, halafu akafumbua macho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nikasema, jicho la mashine hii, linaloona maelfu ya watu mahali penye ng'ombe, lipone. Doto akaitikia karibu na machozi. Nikasema, Mwalimu Rogathe aliyeonyeshwa miguu apewe na kichwa. Nyuma ya pazia wale akina mama wa foleni wakaanza kuitikia nao, ukuta ukatikisika, na mmoja wao alikuwa mama yake Basili.

Basili alisimama mlangoni anajipitishia mkono shingoni, kata, kata! Mpiga picha alikuwa kijana wa Bashay, hakuigusa kamera. Akanong'ona, na kipaza sauti kikamnasa, “Mzee anabariki. Kata mwenyewe, bosi.” Na Basili hakuweza. Namheshimu kwa hilo moja. Mama yake alikuwa anaitikia, angekataje?

Nikamaliza kwa amani, nikakaa, nikaomba maji ya kunywa. Hotelini kwa Bashiri, nilikuja kuambiwa, watu walisimama wakaitikia mbele ya televisheni, Waislamu kwa Wakristo, na Bashiri akawapa chai bure.

Hiyo ndiyo baraka yangu, Wolfgang. Yote.

Kesho yake wakaikata. Walichoshindwa kukikata mimi nikiwa nimesimama wakakikata nikiwa nimelala. Wakabakiza majani, mvua, ng'ombe na watoto, na uso wa Joakimu aliyefumba macho. Wakairusha asubuhi, mchana na jioni mpaka siku ya kura. Walioona ile yote walicheka wakasahau. Ambao umeme ulikuwa umekatika siku ile, na waliokuwa mashambani, waliona kipande tu, na kipande kikawa ndiyo habari. Joakimu alishinda. Mkoa wetu wa Manyara ulizinduliwa, wakairusha. Bomba lilipofunguliwa mara ya pili, bila maji, wakairusha. Mjukuu wangu aliniuliza akitoka shuleni, “Babu, kwa nini ulimbariki mwizi?” Nilikwenda kwa Basili mchana kweupe, mbele ya wateja wake, nikamwambia airushe yote au asiirushe kabisa. Akasema, “Mzee, watazamaji wanachoka na vitu virefu.” Nikamwambia, mbona kikohozi cha Joakimu hakikuwachosha?

Tangu siku hiyo sijamjibu salamu yake, na sitaijibu leo.

Watu wanadhani nilikuwa wa chama cha Mwalimu Rogathe. Kura yangu hata mama yenu alikufa bila kuijua. Nasema hivi: kama wangemkata Joakimu wakamwonyesha miguu, ningesema maneno haya haya kwa ajili yake.

Marieta, maji. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa Joakimu anaomba kiti tena, Mwalimu Rogathe naye anakiomba, na kile kipande kimechakaa, wanataka kipya. Wanataka wanipige picha hapa kitandani, mkono wangu ndani ya mkono wake. Wamekuambia, Wolfgang, kwamba baba yako hatahitaji kusema lolote. Ni kweli, ndicho wanachokipenda kwangu sasa, kwamba siwezi kusema kwa nguvu. Na wamekuahidi kazi pale kituoni, na wanataka mkikaa matanga mtie sahihi kwamba picha yangu na sauti yangu ni zao. Nimesikia, mwanangu. Ukuta huu ni wa mbao. Ulimwambia Doto, “Ni dakika chache, hataumia.” Una watoto, na shamba la mlimani halitoshi, nakuelewa. Lakini usinifanye kipande.

Basi pokeeni. Nyumba hii na ng'ombe ni vya Wolfgang. Ndiyo, Marieta, ni vyake hata sasa. Ni vyako, Wolfgang, bila sharti, maana nikikuwekea sharti nitakuwa nimekununua kama wao, nami nataka ukatae ukiwa mtu huru. Shamba la mtoni ni la Marieta, na ndugu zangu wakija kusema mtoto wa kike harithi, mwambieni kila mmoja, kwa jina lake lote, kwamba Nicodemo alisema anarithi. Kilima ni cha Hilda, pamoja na mlingoti uliosimama juu yake.

Hilda, mlingoti usiung'oe. Nilicheka sana kwa ajili ya mlingoti ule, na akina mama wa foleni bado wana haki ya kumwona Doto akiaibika. Basili akija, mkaribishe chai, kisha umwambie: mlingoti unakaa, ila Mwalimu Rogathe apewe muda uleule, kuanzia kichwani. Akikataa, kilima ni chako na shoka liko nyuma ya mlango.

Asikatazwe mtu kuja kunizika. Joakimu akija na jembe achimbe, udongo haumchagui mchimbaji. Kamera ikija iwashwe tangu wimbo wa kwanza mpaka mtu wa mwisho ale, au isiwashwe.

Nipeni mikono. Yote, na wako, Wolfgang. Hapo. Mnitazame mimi... Msikae mkigombea ardhi. Mlale na ule mlango ukiwa haujafungwa kwa hofu. Mwanenu akidanganywa awe na pa kuuliza. Mungu wa baba yangu Tluway, na wa babu yangu Bura, awape mvua isiyo na... awape mvua. Mkisema neno, lisikike mpaka mwisho wake. Nimewabariki. Hakuna aliyeona ila ninyi.

Hilo ni gari lao. Nalisikia linapanda.

Wolfgang, sitakuamuru uwafukuze. Uliwakaribisha, ukiwafungulia mlango sitakulaumu. Lakini mkono wangu ingizeni ndani ya blanketi, huu pia, mkunje vizuri. Sasa shikeni shuka, wawili upande ule, taratibu, kifua... nigeuzeni nielekee ukutani. Zaidi kidogo. Hapo. Waingie kama wataingia. Warushe mgongo.

Wolfgang... ni wewe unayefungua? Au ni wewe unayefunga?

Usiniambie. Nenda tu.